Bunduki ya marisau aliyoiacha marehemu: tunaiuzaje bila ya kuingia hatiani?

Mtoto wa Jadida

Assalamu alaykum.

Tuko Jadida, Wete, huku Pemba. Mzee wetu amefariki, ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Kabatini mwake mna bunduki ya marisau ya mitutu miwili, geji 12, ya zamani sana. Alikuwa akiitumia shambani kwa nguruwe na tumbili. Leseni yake ipo kwa jina lake. Kuna pia boksi la risasi, nyengine za karatasi, zimeanza kuvimba.

Hapa nyumbani hakuna anayetaka kuwa na bunduki. Yuko mtu wa Chake Chake anaitaka, anasema atalipa taslimu aichukue leo, mambo ya jina tutayamaliza baadaye. Ami yangu anasema hapana shida kwa sababu bunduki ni halali, leseni ipo. Mimi sina utulivu na hilo.

Ninayotaka kujua ni haya. Tunaruhusiwa kukaa nayo mpaka tupate mnunuzi? Huyu bwana akilipa tumpe? Risasi ziende pamoja na bunduki? Na pesa zigawiwe vipi? Jengine, hatujui kama ina risasi ndani na hakuna aliyethubutu kuifungua.

Kando ya Ziwani

Wa alaykumu ssalaam. Poleni kwa msiba. Utulivu ulioukosa una sababu, na ami yako amekosea katika jambo moja kubwa: leseni ni ya mtu, haikuwa ya bunduki. Mzee alipofariki leseni ile haina tena mwenyewe. Haimhamii mkewe wala mtoto mkubwa, hata ikiwa karatasi haijafika tarehe ya kwisha.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, na inafanya kazi Zanzibar na Bara kwa pamoja. Ndiyo iliyofuta ile ya 1991 ambayo wazee wengi bado wanaitaja. Msingi wake ni kwamba hakuna mtu kumiliki wala kukaa na silaha bila ya leseni yake mwenyewe, na kila silaha na leseni yake. Kwa maana hiyo hivi sasa hapo nyumbani mna silaha ambayo hakuna hata mmoja wenu aliye na haki ya kuishika. Hamjafanya uhalifu kwa kufiwa, lakini kila wiki mnayoiacha kabatini mnajipunguzia udhuru.

Kwa hiyo swali la kwanza, hapana, msikae nayo. Mwambieni Sheha leo, yeye awasiliane na kituo cha polisi cha Wete, na muombe askari waje kuichukua nyumbani. Msiifunge kwenye gunia mkaipakia kwenye bodaboda. Akikusimamisha askari njiani, atakachokiona ni mtu asiye na leseni aliyebeba bunduki, na maelezo yako utayatoa ukiwa kituoni. Kama Sheha hayupo, pigeni 112 au aende mmoja wenu kituoni mikono mitupu atoe taarifa. Wekeni tayari leseni ya marehemu, cheti cha kifo kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na kitambulisho cha Mzanzibari cha anayetoa taarifa.

Hapo kwenye kuikabidhi ndipo watu wengi wanapoharibu. Bunduki inaondoka, familia inabaki na neno la mdomo, na baada ya miezi askari aliyeichukua amehamishwa. Msiiachie bila ya stakabadhi ya maandishi. Iandikwe aina ya silaha, geji, namba iliyochongwa, idadi ya risasi kwa kuhesabu mbele yenu, hali yake kwa jumla, jina na namba ya askari, kituo, tarehe na muhuri. Na yaandikwe maneno haya: imehifadhiwa kwa ajili ya warithi wa marehemu fulani. Bila ya maneno hayo inaweza kuhesabiwa kuwa imesalimishwa moja kwa moja, na kuirudisha kwenye mauzo itakuwa kazi. Pigeni picha ya stakabadhi, ya asili ikae kwa mama.

Sasa huyo bwana wa Chake. Msimpe. Hata akileta bei mara mbili, msimpe.

Mauzo ya bunduki yanakwenda kinyume na mauzo ya kitu chengine chochote: ruhusa ya mnunuzi inatangulia, bunduki inafuata. Anaanza na barua kwa Sheha wa shehia anayoishi, akieleza anaitaka silaha ya aina gani na kwa haja gani. Anakwenda polisi wilaya yake, anajaza fomu, anachukuliwa alama za vidole, rekodi zake zinaangaliwa. Maombi yanapita Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, yanapanda mkoani, mpaka makao makuu ya polisi Ziwani na kwa Msajili wa Silaha. Awe na miaka 25 au zaidi, awe na akili timamu, asiwe na hukumu ya ukatili, na awe na cheti kinachoonyesha amefundishwa kuitumia na kuihifadhi silaha. Mahali pa kuihifadhi panakaguliwa pia. Katika maombi yake itajwe bunduki yenu kwa namba yake, kwa hiyo mpeni namba na nakala ya stakabadhi, basi. Akikubaliwa, mnakutana kituoni na bunduki inatoka mkononi mwa polisi kuingia mkononi mwake. Nyinyi warithi hamuigusi tena.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu "jina baadaye" halina baadaye. Mtu aliyekwisha kuichukua hana tena sababu ya kuhangaika na kamati. Bunduki ikikutwa kwenye tukio la ujambazi huko Unguja au Tanga, namba inafunguliwa kwenye rejista na jina linalotoka ni la mzee wenu, na mlango utakaogongwa ni wa Jadida. Hata ganda likiokotwa peke yake lina habari, maana pini ya bunduki inaacha alama yake kwenye fataki, yaani kile kiwashio kilichomo kitakoni mwa risasi. Na yeye mnunuzi akibanwa atasema aliuziwa na nani.

Fundi wa Mitutu

Nakubaliana na yote hayo. Mimi niseme kuhusu chombo chenyewe, maana bunduki ya zamani ya mitutu miwili ina hatari zake ambazo hata mwenye leseni anaweza asizijue.

Kufungua: msiifungue. Ihesabuni kuwa ina risasi mpaka askari athibitishe. Msiitoe kabatini, msiisimamishe ukutani, watoto wasiingie chumba hicho, mlango ufungwe na ufunguo akae nao mtu mmoja. Tazameni kwa macho tu kama nyundo zake ziko nje, yaani vile vipande viwili vilivyochomoza juu ya mtambo kama masikio ya paka. Zikiwa nje mwambieni askari kabla hajaishika. Bunduki nyingi za zamani za aina hiyo nyundo zake zikishushwa zinabaki zimelalia pini, na pini imeegemea fataki. Ikianguka sakafuni kwa upande wa nyundo inaweza kulia bila ya mtu kugusa kifyatulio.

Askari au fundi mwenye idhini atafanya hivi: mtutu uelekee chini penye udongo au mchanga, pasiwe na sakafu ya saruji kwa sababu marisau yanaruka, kidole nje ya kifyatulio, asukume wenzo wa juu, aikunje, aangalie chemba zote mbili, yaani nyuma ya mitutu risasi zinapokaa, na aangalie tena kwa kidole. Halafu atazame ndani ya mitutu kutoka upande wa chemba mpaka aone mwangaza upande wa pili. Hilo la mwangaza ni muhimu mno kwetu huku. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda tundu la upana huo, na bunduki iliyokaa miezi kadhaa unaikuta imezibwa kabisa. Marisau yakikutana na udongo, shinikizo linapanda mahali pamoja na mtutu unapasuka, mara nyingi pale mkono wa kushoto unaposhika.

Risasi: zile za karatasi zilizovimba ni za kuharibiwa. Unyevu na chumvi ya hewa ya pwani vinaingia kwenye karatasi, ganda linanenepa na kukwama kwenye chemba, na fataki inaweza kuchelewa kuwaka. Hatari ya kuchelewa ni kwamba mtu anadhani imekataa, anaikunja, na baruti inawaka mtambo ukiwa wazi mbele ya uso wake. Risasi ambayo shaba yake imeota kijani nayo haina kazi. Wakabidhini askari zote pamoja na bunduki watakapokuja. Msizichome, msizizike, msizitupe baharini, wala msizikate kutoa baruti.

Tena kuna jambo la geji ambalo limeumiza watu dunia nzima. Hesabuni risasi zote na askari aangalie maandishi kwenye kitako cha kila moja. Risasi ya geji 20 ikiwa imechanganyika na za geji 12, inaingia kwenye mtutu wa 12, inateleza mbele ya chemba na kukwama, huioni. Mtu anadhani hakutia kitu, anatia ya 12 nyuma yake, anafyatua. Ndiyo sababu viwanda vinatengeneza risasi za geji 20 kwa rangi ya manjano. Mkiona ya manjano ndani ya boksi hilo, semeni.

Na mnunuzi wa kweli lazima aelezwe urefu wa chemba. Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani zina chemba ya milimita 65. Risasi nyingi za geji 12 zinazouzwa sasa ni za milimita 70. Hicho kipimo kwenye boksi ni urefu wa ganda likiwa limeshafunguka, yaani baada ya kupigwa. Kabla ya kupigwa ganda limekunjwa mdomo na ni fupi zaidi, kwa hiyo la 70 linaingia vizuri kwenye chemba ya 65 na bunduki inafungika bila ya shida. Tatizo linakuja likifunguka: mdomo wake unaingia kwenye sehemu mtutu unapoanza kubana, njia ya marisau inakuwa nyembamba na shinikizo linapanda juu ya kile ambacho mtutu ule umepimwa. Inaweza kuvumilia mara nyingi kisha isivumilie. Za Kirusi za Baikal kwa kawaida ni 70, hizo hazina taabu hiyo. Kipimo na alama za ukaguzi, kama za London au Birmingham, vinasomeka chini ya mitutu ukiikunja bunduki na kuitoa mitutu. Ikiwa haina alama ya kuwa imepimwa kwa baruti isiyotoa moshi, basi ilitengenezwa kwa baruti nyeusi ya zamani na risasi za leo si zake kabisa. Bunduki ya namna hiyo iuzwe kwa kusema wazi kuwa si ya kupigwa, au isiuzwe.

Msiisafishe. Najua mnunuzi akija mnataka ing'are, lakini msasa na brashi ya waya vinakula namba. Namba iliyosuguliwa inaonekana kwa polisi kama namba iliyofutwa makusudi, na hapo mauzo yamekwisha, yameanza mengine. Kwenye mitutu miwili namba huwa mahali zaidi ya pamoja: kwenye mtambo, chini ya mitutu, na mara nyingi kwenye kile kipande cha mbao cha mbele. Zote zilingane, na zilingane na leseni. Zikitofautiana huenda mitutu ilibadilishwa zamani, na hilo liandikwe kwenye stakabadhi tokea siku ya kwanza.

Mtoto wa Jadida

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Sheha ameshaarifiwa na kituo wamesema watakuja.

Nimebaki na mambo matatu. Huyu bwana wa Chake baada ya kuambiwa hapana, ametuma kwa WhatsApp picha ya leseni ya bastola, anasema yeye tayari ni mtu wa leseni. Ndugu yangu mkubwa anasema mzee alimwambia mbele ya watu kuwa bunduki ni yake, kwa hiyo anataka auze yeye. Na juu ya dari tumekuta gobore, halina namba wala karatasi yoyote.

Bint Mirathi

Nijibu la ndugu mkubwa.

Maneno ya mzee, hata yakiwa na mashahidi, ni wasia. Na wasia kwa mrithi hausimami ila warithi wenzake waukubali baada ya kifo, kila mmoja kwa nafsi yake. Thuluthi moja ya mali ambayo mtu anaweza kuiusia ni kwa wasiorithi. Kama alikuwa ameikabidhi kikamilifu kwa mwanawe akiwa hai na mzima, hiyo ingeitwa hiba, lakini silaha haikabidhiki bila ya leseni ya anayepokea, na bunduki imekutwa kabatini kwa mzee ikiwa na jina la mzee. Kwa hiyo iko kwenye tarika, yaani mali aliyoiacha marehemu, pamoja na mikarafuu na nyumba.

Mrithi mmoja hawezi kuuza peke yake. Fungueni mirathi: Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo inayoshughulikia mirathi ya Waislamu Zanzibar, na Pemba iko pia, penye mgogoro mnakwenda Mahkama ya Kadhi. Mtahitaji cheti cha kifo, barua ya Sheha yenye orodha ya warithi wote, vitambulisho, na orodha ya mali. Katika orodha muandike bunduki kwa namba yake na mahali ilipo, yaani kituo cha polisi fulani kwa stakabadhi fulani. Nimesema hili kwa sababu familia nyingi huwa zinaificha bunduki kwenye mirathi zikidhani zinajiepushia maswali. Matokeo yake ni kwamba hakuna karatasi inayoonyesha nani ana haki ya kuiuza, na polisi hawawezi kumkabidhi mnunuzi.

Bei ikipatikana, madeni ya marehemu yanatangulia, hata ada ya leseni yake kama ilikuwa haijalipwa. Kinachobaki, kwa familia mliyoitaja, mke ana thumni, yaani moja ya nane, na watoto wanachukua kilichobaki, mwanamme sehemu mbili na mwanamke moja. Tuseme kwa mfano tu bei ni shilingi 1,600,000 na hapana deni. Igaweni sehemu 40 za shilingi 40,000. Mama anapata 5, yaani 200,000. Kila mtoto wa kiume 14, yaani 560,000. Binti 7, yaani 280,000. Hii ni ikiwa wazazi wa marehemu wameshatangulia; yuko mmoja hai, hesabu inabadilika, maana mzazi naye ana sudusi yake, yaani moja ya sita.

Ndugu yenu mkubwa akiitaka kweli ana njia. Aombe leseni kwa jina lake kama mnunuzi yeyote, ithaminiwe, na thamani ile ikatwe kwenye fungu lake. Mama na dada wasiombwe kusamehe mbele ya wageni msibani. Waachiwe wafikiri, na wakisamehe iandikwe.

Kando ya Ziwani

Kuhusu picha ya WhatsApp. Kuna mambo mawili ndani yake.

La kwanza, leseni ya bastola ni ya bastola ile. Haimpi haki ya kuchukua bunduki ya marisau, ataomba upya kwa silaha hii. Inamsaidia kwa kuwa rekodi zake zipo na mafunzo ameshapata, lakini safari ni ile ile.

La pili, msiipokee picha kuwa ni ushahidi. Karatasi inachezewa kwenye simu kwa dakika chache, na leseni ya mtu mwengine inapigwa picha vile vile. Kuithibitisha ni kazi ya polisi: mpelekeeni mkuu wa kituo jina na namba ya leseni, yeye aulize kwenye rejista. Mnunuzi mwenye nia safi hakatai. Akianza kusema polisi wanachelewesha, au ana mtu wake wa kuharakisha na mtoe chochote, muacheni. Malipo ya serikali yanakwenda kwa kontroo namba na yana risiti, hayapiti kwenye simu ya mtu binafsi.

Akiwa sawa, anaweza kuiona bunduki kabla ya kuamua? Anaweza, kituoni, kwa idhini na mbele ya askari. Huko ndiko aangalie kutu ndani ya mitutu, mabonde, na kama mitutu inacheza ikiwa imefungwa. Isipelekwe shambani "kujaribiwa".

Mkataba uandikwe kabla ya pesa. Fundi amesema mengi ya kutiwa humo, na mimi naongeza yanayosahauliwa. Mauzo yasimame juu ya sharti la mnunuzi kupata leseni ya bunduki hiyo kwa namba yake. Maombi yanaweza kukataliwa bila ya kosa la mtu yeyote, kwa hiyo andikeni kama arbuni, yaani malipo ya kutanguliza, itarudi yote au itakatwa kiasi gani, na tarehe ya mwisho ya kusubiri. Bila ya tarehe mtafungwa na mtu mmoja mwaka mzima huku mwengine mwenye sifa akiwa anangoja. Andikeni kuwa risasi hazimo katika mauzo. Andikeni kasoro zote zinazojulikana, pamoja na urefu wa chemba. Wasaini warithi wote au msimamizi aliyewekwa rasmi, na mashahidi wawili, mbele ya wakili. Nakala moja iende polisi pamoja na maombi.

Pesa zipite benki, PBZ au nyengine, na kwenye maelezo ya malipo iandikwe bei ya bunduki namba fulani. Taslimu ya mkononi itawaletea mabishano baina ya warithi hata kama mnunuzi ni mwema. Arbuni iwe ndogo, na salio lilipwe siku ya makabidhiano, kituoni, leseni ikiwa mezani.

Msiitangaze mitandaoni kwa picha na mtaa. Mwizi anaposoma tangazo la bunduki haangalii bei, anaangalia iko nyumba gani. Waulizeni polisi wa wilaya kama wapo wamiliki wenye leseni au vikundi vya wasasi wanaotafuta, hao wameshachujwa. Akipatikana mnunuzi wa Dar es Salaam au muuzaji silaha mwenye leseni wa Bara, ataomba katika mkoa wake, na bunduki itatoka ghala la polisi kwenda ghala la polisi. Msiipandishe boti ya bandari ya Mkoani kwa mkono wenu hata ikiwa imekunjwa na kufungwa vipi, wala asiipandishe mnunuzi kabla ya kupata leseni na kibali cha kuisafirisha.

Mkishakabidhi, rudini baada ya muda muulize kama jina kwenye rejista limebadilika, na mpewe uthibitisho wa maandishi. Karatasi hiyo itunzwe hata baada ya pesa kwisha.

Gobore ni habari nyengine. Haliuziki, haligawiki katika mirathi, na halina leseni ya kuombewa kwa kuwa halina asili inayojulikana. Tena usiku huu lisishukishwe kutoka darini. Waambieni askari wale wale watakaokuja kwa bunduki kuwa lipo na ni la kusalimisha, na lipewe stakabadhi yake mbali. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, kwa mfano Septemba na Oktoba za 2022 na 2023, na Umoja wa Afrika tokea 2017 umeufanya Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu. Hilo lisiwafanye mngojee Septemba. Mmeliona leo, mtoe taarifa leo.

Fundi wa Mitutu

Kwenye gobore niongeze. Linashindiliwa kutoka mdomoni, kwa hiyo halikunjiki kuangaliwa na mtu hawezi kujua kwa kutazama kama limeshindiliwa. Baruti nyeusi ikiwa kavu inakaa miaka mingi na bado inawaka. Anayejua anapima kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia: anaupima nje urefu wa mtutu, kisha anautia ndani; ukigota kabla ya kufika mwisho, kuna kitu. Lakini hiyo ni kazi ya askari wa silaha, na kwanza atatoa fataki. Nyinyi mwambieni tu halijulikani limeshindiliwa lini, asije akalishusha kwa kulivuta mdomo ukiwa unamwelekea yeye.

Na kama kuna kichupa au kibuyu cha baruti karibu nalo, msikifungue, na asipande mtu mule darini na sigara wala kibatari.

Mtoto wa Jadida

Kichupa kipo. Nimeshawaambia wote washuke, mlango wa dari umefungwa, na Sheha amewapigia kituo kuwaeleza kuwa ni vitu viwili na baruti. Ndugu mkubwa amekubali mirathi ifunguliwe kwanza. Mnunuzi wa Chake nimempa namba ya bunduki aende kwa Sheha wake. Amesoma ujumbe, hajajibu.

Kando ya Ziwani

Asipojibu mpaka stakabadhi itoke, chukulieni kuwa ameondoka. Bunduki ikiwa ghala la polisi kwa jina la warithi haiwabani kwa wiki wala mwezi. Askari wakifika, hesabuni risasi nao mbele ya mama.